Maktaba ya shule yetu ya kijijini: nimeipima kwa tepu

Nianze kwa kukiri, ili kesho mtu asije akanisuta: kazi ya kutengeneza rafu za maktaba hii niliiomba mimi, nikaikosa. Mimi ni seremala, karakana yangu iko hatua chache kutoka geti la shule, na bei yangu niliiandika vizuri nikaipeleka ofisini. Kazi akapewa fundi wa mjini aliyekuja na bei ya chini na mbao mbichi. Kwa hiyo nikisema rafu zimenepa, una haki ya kudhani ni wivu unaosema. Njoo na tepu yako tupime wote.

Shule iko milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Jina lake silitaji, maana nina mabaya machache ya kusema, na mwalimu anayeishika maktaba hii ni mtu mwema ambaye sitaki aitwe ofisini kwa sababu yangu. Ukitoka Mombo unapanda ile lami ya kona hadi Soni, unapita Lushoto mjini, kisha lami inakuacha na unamalizia kwa bodaboda, au juu ya Fuso inayorudi kufuata kabichi. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na ukungu kiasi kwamba bendera ya shule unaisikia ikipigapiga kabla hujaiona. Uukumbuke huo ukungu, nitaurudia.

Wanaoiona shule hii leo hawaamini ilikotoka. Ilianza 1976, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kuanza shule awe darasani. Wazee wetu walisimamisha vyumba viwili vya miti na udongo, basi. Mimi niliingia darasa la kwanza 1987, na wakati huo ndiyo tulikuwa tunajengewa vyumba vya mawe. Tunajengewa ni neno la heshima tu, tulijenga. Kila Ijumaa tulishuka mtoni, kila mtoto akapandisha jiwe la ukubwa wa kichwa chake, na mwalimu wa zamu alikuwa anakuangalia kichwa kwanza, halafu jiwe. Mimi nina kichwa kikubwa. Chumba ambacho leo ni maktaba kimekaa juu ya mawe hayo.

Vitabu? Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa watoto sita. Kinawekwa katikati ya dawati, watatu wanakaa, watatu wanasimama upande wa pili wakikiangalia juu chini. Nilikuwa wa kusimama. Nilijifunza kusoma kitabu kikiwa kimepinduka, na hadi leo mteja akiweka karatasi ya bei ya fundi mwingine mezani kwangu akidhani sioni, nimeshaimaliza.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini michango ilibaki: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani, ya nini na nini. Januari 2016 ulipokuja mpango wa elimu bila malipo na michango ile ikaondolewa, watoto walitoka mabondeni kama kumbikumbi baada ya mvua. Darasa la kwanza likawa na mikondo mitatu, mmoja ukisomea chini ya mparachichi. Baadaye kitongoji cha juu kikafunguliwa shule shikizi, yaani shule ndogo iliyo chini ya shule mama, ili wadogo wasivuke korongo wakati wa masika, na fedha za UVIKO, yaani korona, zilipotoka, shule shikizi zikiwa miongoni mwa zilizolengwa, ya kwetu ikapata madarasa yake. Wadogo wakahamia huko. Hapo ndipo shule mama ikabaki na chumba kimoja kisicho na darasa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1976. Walimu walitaka kiwe stoo ya mahindi ya uji. Kamati ya shule ikabishana vikao viwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeona mahindi yakishindwa.

Sasa maktaba yenyewe.

Unaingia kwa mlango wa mbao, umesimama wima na unafunga bila kusukumwa na goti. Mlango huo sina neno nao. Viatu unaviacha nje. Ndani sakafu ni ya saruji, nusu yake imetandikwa mikeka, na kwenye mikeka hiyo kila nikiingia nakuta watoto wamelala kifudifudi, vitabu puani, miguu hewani inapungapunga. Upande wa pili kuna meza nane na viti. Madirisha ni makubwa, mwanga unatosha hadi saa kumi na moja jioni, na kuna taa mbili za sola ambazo huwashwa siku akija mgeni. Ukutani wamechora ramani ya Tanzania yenye Ziwa Tanganyika nene kupita kiasi. Hakuna anayelalamika.

Rafu ni tatu ndefu, za ghorofa nne kila moja, na kila ghorofa ina futi sita. Hapo ndipo pameharibika. Mbao zetu zinakuja za futi kumi na mbili. Fundi alikata nusu kwa nusu asipoteze hata kipande, akapata futi sita, akapigilia pembeni na kuondoka. Ubao wa moja kwa nane, tena wa paini mbichi, ukiubebesha vitabu futi sita bila mguu wa kati, unanepa. Karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ni mti uleule, umebanwa tu. Nilipima rafu ya pili kwa kuvuta uzi toka ncha hadi ncha: katikati imeshuka inchi moja na robo. Mguu mmoja wa kati kwa kila ghorofa ungemaliza tatizo, na mbao za kutosha miguu yote si gharama ya mbuzi mmoja. Nimeshasema. Niliambiwa niandike barua.

Lakini nilikuwa nimeshatoa tepu, nikaona nisiishie kwenye mbao. Nikapima na vitabu. Rafu zote pamoja ni futi 72. Zilizojaa ni futi 57. Zilizobaki ni wazi. Katika hizo 57, futi 8 ni vitabu vya kiada, futi 11 ni vya ziada vya Kiswahili, hadithi na maarifa, na futi 38 ni vya Kiingereza vilivyokuja kwenye maboksi kutoka ng'ambo. Mtoto aliyekuwa akinishikia ncha ya tepu aliniuliza, "Fundi, vitabu vinapimwa kwa futi?" Nikamwambia vya hapa, ndiyo.

Hivyo vya Kiingereza sivisemi vyote. Vipo vya picha vya watoto wadogo ambavyo hata darasa la pili wanavipigania, kuna ensaiklopidia yenye mifupa ya binadamu ukurasa mzima, nzuri sana. Lakini pia kuna kitabu kinene cha kodi za jimbo moja la Marekani. Vipo vinne vya kufundisha programu ya kompyuta ya miaka ya tisini, na kompyuta hapa hatuna hata ya leo. Nilitafuta cha fani yangu. Mwalimu alihudhuria mafunzo mafupi ya ukutubi, akapanga kwa zile namba za Dewey za kupanga vitabu kwa mada, zilizoanza 1876, na lazima nimpongeze, maana nilidhani zitawashinda watoto, kumbe wamezikamata kama mimi ninavyopanga misumari kwenye makopo kwa inchi. Mia tano sayansi, 630 kilimo, 398 hadithi za jadi ambazo ndizo zimechakaa kuliko zote. Useremala wa samani akanielekeza 684. Nikakuta kitabu kimoja. Mashine zote zilizochorwa humo ni za umeme wa volti 120, wakati wetu ni 230, na mimi natumia randa ya mkono.

Tukitaja randa: ukitaka kujua randa ya fundi inafanya kazi, usiangalie chuma, angalia mpini. Pale kiganja kinaposhika pamelainika panang'aa. Kitabu ni hivyohivyo. Kigeuze uangalie ukingo wa kurasa, upande wa kufungulia. Zile futi 11 za Kiswahili kingo zimekuwa za rangi ya chai, nyingine zimefungwa gundi mgongoni mara mbili, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Futi 38 kingo nyingi ni nyeupe kama siku vilipotoka kwenye boksi. Wanaotuma wanatuma kwa moyo, sikatai, na shukrani zilitolewa kwa ngoma siku ile. Ila nadhani mtu anayeandaa maboksi angekaa nusu saa juu ya mkeka huu na kuangalia mikono inakwenda rafu gani, kile cha kodi angekibakiza kwao.

Jambo lililonifanya niandike haya yote, hata hivyo, ni viazi.

Mwezi wa pili shamba langu la viazi mviringo lilianza kunyauka. Mimea inalegea mchana kama imechemshwa, na majani bado ni ya kijani. Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu, nikapuliza. Nikapuliza tena. Binti yangu yuko darasa la nne. Siku moja akarudi shule mkono wa kushoto kaukunja ngumi, njia nzima, mama yake akadhani kaumia. Akafungua kiganja: kimejaa maandishi ya kalamu ya bluu mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameingia maktaba saa ya mapumziko, akafika 630, akakuta kijitabu cha viazi chenye picha ya mmea uliolegea kama wa baba yake. Vitabu vilikuwa haviruhusiwi kutoka, daftari lake lilikuwa darasani, akanakili kwenye kiganja.

"Baba, lete glasi yenye maji masafi. Lakini usiitikise."

Tukakata kipande cha shina la mmea uliolegea, pale karibu na udongo, tukakining'iniza kwenye glasi kikigusa maji. Tukachuchumaa watatu jikoni. Kwa dakika chache hakikutokea kitu. Halafu kwenye pale tulipokata ukashuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yanavyoshuka kwenye chai ya rangi, ukafuatwa na mwingine. Mke wangu alirudi nyuma. Mtoto akasoma kiganja: "Mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza." Maneno yaliyofuata jasho lilikuwa limeyafuta, akabaki na "usipande" na "nyanya".

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kusoma sehemu iliyofutika. Ng'oa mmea mzima pamoja na viazi vyake, usiutupe mferejini. Sehemu hiyo usirudishe viazi, wala nyanya, bilinganya au pilipili kwa misimu kadhaa, maana ni ndugu wa ukoo mmoja na ugonjwa huwapata wote, weka mahindi. Mbegu usichukue humo. Osha jembe. Mimi nilikuwa nimepanga kuweka nyanya. Pesa niliyoiacha duka la pembejeo ingetosha kununua miguu ya kati ya rafu zote tatu na soda za mafundi.

Basi nikamfuata mwalimu. Nilikuwa na hasira, lakini ya adabu.

"Mwalimu, vitabu hivi mbona haviendi nyumbani?"

"Fundi, kitabu kimoja kikipotea, anayeandika maelezo ni mimi. Wakija kukagua wanahesabu."

"Na kikioza?"

Akanyamaza. Nikampeleka rafu ya chini, ile iliyogusana na ukuta wa kaskazini. Hapa ndipo ninaporudi kwenye ukungu. Kiswahili chetu kina neno moja kwa ule unaofunika mlima na ule unaoota kwenye mkate, na huku kwetu neno limeona mbali, kwa sababu ule wa nje ndio unaoingia ndani na kuwa huu mwingine. Fundi wa mjini aligusisha rafu na ukuta. Ukuta wa mawe unatoa unyevu mwaka mzima. Nilivuta kitabu kimoja cha kompyuta, mgongo wake ulikuwa na manyoya ya kijivu kama mgongo wa panya. Nikavuta cha pili chake, hivyohivyo. Kisha nikamwonyesha vile vya hadithi, vimewekwa rafu hiyohiyo, kwenye ukuta huohuo: visafi. Vinatolewa kila siku, vinapigwa hewa, vinafunguliwa, vinapumua. Kinachooza ni kile ambacho hakuna anayekishika.

Sikumshinda kwa siku moja. Ana sababu zake, na kwa kweli anafanya kazi ya watu wawili: anafundisha Kiswahili vipindi kamili, maktaba ameongezewa juu, hana mshahara wa ziada wala msaidizi isipokuwa wakutubi wa darasa la sita wanaovaa utepe wa kijani na kuringa nao. Lakini baada ya wiki mbili aliita wazazi wa darasa la nne, akatoa kaunta buku mpya, akachora mistari: jina la mtoto, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, sahihi ya mzazi, tarehe ya kurudi. Vinatoka Ijumaa, vinarudi Jumatatu. Ijumaa ya kwanza vilitoka ishirini. Jumatatu vilirudi kumi na tisa, na cha ishirini kililetwa Jumanne na babu mtu mwenyewe, kwa miguu, akiomba radhi kwamba alikuwa hajakimaliza.

Vinarudi vinanuka moshi wa kuni. Kimoja kilirudi na alama ya kidole chenye mafuta kwenye picha ya simba. Mwalimu alinionyesha kama ushahidi wa uharibifu, na mimi nikaiangalia kama ninavyoangalia mpini wa randa.

Jumamosi maktaba huwa wazi kwa wanakijiji wote, na hilo ndilo linaloipa nyota moja zaidi katika hesabu zangu. Wanaokuja si wengi. Vijana wawili watatu wa bodaboda wanaojiandaa na mtihani wa leseni, mama mmoja anayefuatilia ufugaji wa kuku, na kuna bibi wa kitongoji cha chini aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha ngumbaru miaka ya sabini. Kwa miaka yote hiyo, aliniambia, alikuwa anasoma vibandiko vya dawa na magazeti ya kufungia maandazi. Macho hayaoni karibu. Anakishika kitabu mbali, mkono umenyooka kama anamwonyesha mtu aliye nyuma yake, na husoma kwa sauti ndogo huku kidole kikifuata mstari. Watoto wa kwenye mikeka wakamgundua. Sasa wakimwona analipita geti wanasogea kumpisha katikati, "Shikamoo Bibi, leo tuanzie wapi?" naye hajawahi kujibu swali hilo kabla ya kuuliza wiki iliyopita waliishia wapi na wamekula nini asubuhi. Hilo nilikuwa sijaliona hata Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, ambayo niliwahi kuingia nikiwa mwanagenzi wa useremala huko Keko, kwa kweli kwa kukimbia mvua. Jengo lile Mwalimu Nyerere alilifungua 1967, ni kubwa, kimya chake kinakufanya utembee kwa vidole. Hapa kwetu hakuna kimya. Anayetaka kimya aje siku za wiki wakati wa vipindi.

Nyota zangu ni nne kati ya tano. Kabla ya ile kaunta buku zilikuwa tatu, tena kwa huruma. Ya tano naishikilia hadi mambo matatu yafanyike: miguu ya kati, rafu zivutwe inchi nne kutoka ukutani, na futi kumi tu za vile vya Kiingereza visivyoguswa ziachie nafasi vitabu vya Kiswahili, hata vikinunuliwa kimoja kimoja. Barua nimeandika. Nimejitolea ufundi bure, wao walete mbao, na nimewaandikia vipimo kabisa wasije wakaletewa mbichi tena.

Kwa anayetaka kuja: Jumamosi wanafungua saa tatu, wanafunga saa saba mchana. Hakuna kiingilio. Usije na chakula, panya wa hapa wanajua kusoma. Choo kiko nyuma ya jiko la uji, na ni kisafi. Ukitaka kukaa mezani, kile kiti cha karibu na dirisha la pili kina mguu mmoja mfupi, ukiegemea kinakutupa upande. Hicho sikukitengeneza mimi.